Jiwe la kufulia na reli ya Gongo la Mboto

Urefu wa mita moja nilijifunzia relini. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, niko darasa la tatu, Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kaka yangu alikuwa amepewa na mwalimu wake wa hesabu ile rula ndefu ya mbao ya ubaoni aipeleke kwa seremala, kishikio kilikuwa kimeng'oka. Kabla ya kuipeleka tukapita nayo nyuma ya nyumba. Kaka akailaza katikati ya vyuma viwili vya reli. Ikaingia, ikatulia, hata ukucha haukupata pa kupenya. "Umeona," akaniambia, "hii ndiyo mita."

Reli ya Kati ni ya mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Hayo nilikuja kuyajua ukubwani. Wakati ule reli ilikuwa uwanja wetu wa nyuma tu. Tulianika mihogo kwenye kokoto zake na tulishindana kutembea juu ya chuma bila kuanguka.

Nyumba ya mama ilikuwa upande wa barabara. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ng'ambo ya reli, upande wa bondeni. Kutoka mlango wetu wa uani hadi mlango wake zilikuwa hatua 60 za mtu mzima. Mama alizijua, na akitutuma alikuwa anasema, "Hatua sitini tu, nisione mtu anapotelea njiani." Tulipelekeana kaa la moto kwenye kigae, chumvi, mchicha, habari za msiba. Uji ulivuka reli na kufika bado unafuka moshi. Sikumbuki mtu mzima wa enzi zile aliyeuona ule upande kama mtaa mwingine. Ulikuwa uani mmoja ambao treni hupita katikati.

Treni zenyewe tulizijua kwa masikio. Ya abiria kutoka bara ilipiga honi ndefu ikikaribia, na watoto wote tulikimbia kuipungia mikono. Ya mafuta ilikuwa na mlio mzito, mapipa marefu yaliyolala, na mama alitukataza kuisogelea. Lakini kabla ya yote, alfajiri, kilipita kiberenge cha gangi, kile kigari cha mafundi wa kutunza njia. Wale wanaume walishuka wakiwa na nyundo na spana ndefu, wakagonga, wakakaza, wakasonga mbele. Mama aliwauzia chai na vitumbua. Mnyapara wao alikuwa mzee wa maneno machache, anakula amesimama, macho yako kwenye reli.

Mwaka 1989 mama alinunua kipande cha ardhi nyuma ya uani kutoka kwa jirani aliyekuwa anarudi kwao Rufiji. Waliandikishana mbele ya balozi wa nyumba kumi: karatasi ya daftari, mashahidi wawili, dole gumba lenye wino wa bluu. Kwenye kipande kile kulikuwa na jiwe la zege la pembe nne, limechomoza ardhini kama goti, juu yake pana alama iliyochongwa. Mama alilipenda lile jiwe kwa sababu lilikuwa sawa na kimo chake akikaa kwenye kigoda. Akalifanya jiwe la kufulia. Kanga zake, sare zetu za shule, nepi za mdogo wetu wa mwisho, vyote vilisuguliwa pale, hata ile alama ikabaki nusu.

Siku moja mnyapara alisimama na kikombe chake cha chai akaliangalia. "Mama, hilo jiwe ni la reli," akasema. Mama akacheka, akamwongeza kitumbua. "Basi, baba, reli ikilihitaji itakuja kulichukua." Mzee hakucheka. Alikunywa chai yake, akaondoka na kiberenge. Mama, kidogo kidogo, akajenga kupita lile jiwe: kwanza jiko, halafu choo, halafu vyumba viwili vya kupangisha. Kodi ya vyumba vile ndiyo iliyonilipia mafunzo ya ushonaji. Nayasema haya yote kwa sababu ukitaka kuelewa kilichotokea baadaye ni lazima ujue kwamba tuliambiwa mapema, kwa upole, na mtu aliyejua.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu ya ghala la jeshi yalipoanza kulipuka Gongo la Mboto, nilikuwa naosha vyombo. Wengi wa hapa hawapendi kuusimulia usiku ule, na mimi nitasema sehemu ya reli tu. Barabarani magari yalikuwa yamefungamana, watu wanaita watoto wao kwa majina gizani. Mama akasema, "Twende relini." Ndiyo njia pekee aliyoiamini kwamba itatufikisha mjini bila kutupoteza. Tulipofika tukakuta mamia ya watu wamewaza hivyo hivyo, wamejaa kwenye tuta wanatembea, hakuna anayesema.

Mataruma ya ile reli, yale yanayolala chini ya vyuma, yamepangwa kwa namna ambayo hatua moja haitoshi na mbili zinazidi. Mtu mzima akitembea juu yake anakuwa kama ana kigugumizi cha miguu. Mwanangu alikuwa na miaka minane, na hatua zake ndizo zililingana na mataruma. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia, mama amemshika bega, mimi nimeshika kanga ya mama. Kila bomu lilipopasuka chuma cha reli kililia chini ya miguu yetu. Tulitokea Vingunguti kama saa saba usiku, tukalala barazani kwa mwenye duka mmoja ambaye alifungua mlango, akatupa maji na boksi za kutandika, akakaa nasi nje mpaka alfajiri. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika milipuko ile, na maelfu walipata hifadhi Uwanja wa Uhuru. Mwanangu kwa miezi hakuweza kulala Gongo la Mboto. Ndiyo sababu nilihama, nikapanga chumba Tabata.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa abiria. Tarehe 29 Oktoba 2012 zilianza treni za abiria ndani ya jiji. Moja ilitoka Stesheni ikipita Kamata, Buguruni kwa Mnyamani, Tabata na Mabibo hadi Ubungo Maziwa. Nyingine ilikuwa ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, mpaka Mwakanga. Watu waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. "Unapanda nini?" "Napanda Mwakyembe." Nauli ya treni yetu ilikuwa shilingi 400, mwanafunzi 100.

Nikisema treni ile ilinibadilishia maisha sitii chumvi. Nilikuwa nashona Kariakoo, na asubuhi foleni ya Buguruni ilikuwa inakula saa moja na nusu yangu, mguu mmoja ndani ya daladala, mwingine hewani. Treni ilinishusha Kamata na muda wa kunywa chai. Mwanangu ndiye aliyefaidi zaidi. Nani asiyejua mwanafunzi anavyopata tabu na daladala, konda anasimama mlangoni, "Mwanafunzi mmoja tu, mmoja tu!" na watoto ishirini wamebaki kituoni na jua linapanda. Kwenye treni alilipa 100 yake, akaingia na begi lake, akakaa kama mtu yeyote. Siku ya kwanza alirudi akaniambia, "Mama, leo hakuna aliyenisukuma." Nimebaki na sentensi ile mpaka leo.

Mabehewa yalikuwa ya zamani, yanajaa mpaka mlangoni, joto lake si la kusimuliwa. Lakini watu wale wale, saa ile ile, behewa lile lile, kila siku, wanakuwa jamaa. Nikipata siti nilikuwa natoa mkobani magauni ya wateja, nashona vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Mwanamke wa jirani akaanza kunishikia uzi. Mwingine alikuwa muuza dagaa, mwingine mhudumu wa ofisi. Baada ya miezi mitatu tukawa na kikoba chetu, watu 14, shilingi 2,000 kwa wiki, mweka hazina anapandia Mabibo. Cherehani yangu ya pili, ya umeme, niliinunua kwa mkopo wa kikoba cha behewani. Ndani ya daladala nisingekipata, maana kule hukutani na mtu yule yule siku mbili mfululizo.

Watu walikuwa wanauliza kwa nini treni ya TAZARA isiunganishwe tu na yetu ili mtu wa Mwakanga ashuke Stesheni. Haiwezekani, na sababu ni ile rula ya mwalimu. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Sentimita karibu 7 tu zaidi ya reli yetu, lakini gurudumu halijui "karibu". Ni reli mbili ndani ya jiji moja na haziwezi kuazimana hata behewa.

Mwaka 2016 miguu ya mama ilianza kuvimba, nikarudi Gongo la Mboto. Mwaka huo huo treni ya jijini ikaanza kwenda Pugu, kupitia kwetu.

Miaka 30 nilikuwa naipungia mkono treni inayopita. Asubuhi ile ilipunguza mwendo na kusimama. Mama alitoka na kigoda chake, akakiweka kwenye kivuli cha mwembe, akakaa kuangalia watu wa mtaa wake wakipanda. Hakusema kitu. Treni ilipoondoka alisimama, akabana kigoda kwapani, akarudi kufua. Ndani ya miezi mitatu vyumba viwili vya nyuma vilipata wapangaji wapya, kijana wa benki na mwalimu, wote wamevutiwa na treni. Mama akapandisha kodi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nikamwambia atengeneze sakafu. Akatengeneza.

Tarehe 12 Aprili 2017, Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli mpya pale Pugu, reli ya umeme ya kiwango cha kimataifa, treni ya kilometa 160 kwa saa. Sisi tulishangilia, na sijutii kushangilia. Nchi iliyokuwa inategemea njia ya mwaka 1905 ilihitaji nyingine.

Halafu wakaja vijana wenye kopo la rangi nyekundu na mkanda wa kupimia. Mtaani mjadala ulikuwa umeshawaka: hifadhi ya reli, ile ardhi ya pembeni isiyoruhusiwa kujengwa, ni mita 15 au ni 30? Kila kijiwe kilikuwa na mwanasheria wake. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechukua kamba ya katani nikafunga fundo kila mita, fundo 15, nikapima kuanzia chuma cha mbali cha reli, nikaona chumba cha mwalimu kinabaki ndani ya hifadhi lakini cha kijana wa benki tunaweza kukitetea. Mpimaji hakuanzia kwenye chuma. Alianzia katikati ya njia. Nikaanza kubishana, nimeshika kamba yangu, sauti imepanda, majirani wanakuja.

Mama alikuwa anafua. Akainua beseni kutoka kwenye jiwe, akafuta povu kwa pindo la kanga, akamwita yule kijana. "Baba, njoo uone." Akamwonyesha ile alama, nusu yake iliyobaki. Kijana akachuchumaa, akapitisha kidole, akatazama ramani yake. Mpaka ulikuwa pale pale. Ulikuwa pale miaka yote, chini ya nguo zetu. Nyumba kubwa ilikuwa nje ya mpaka. Jiko, choo na vyumba vyote viwili vilikuwa ndani.

Niliikasirikia sana ile hatua ya mama, nikadhani ametukatia tawi tulilokalia. Leo naona alifanya jambo moja la maana: alituokoa na kesi ambayo tungeshindwa, na aliilinda nyumba kubwa isije nayo ikaandikwa X ya kubomolewa kwa ubishi wetu. Tulipewa muda mfupi. Tulibomoa wenyewe ili kuokoa mabati, milango na madirisha. Wapangaji tuliwarudishia kodi ya miezi iliyobaki, na hiyo pesa ilitoka kwenye kikoba. Kwa kilichokuwa ndani ya hifadhi hatukulipwa kitu.

Nimefikiri sana kuhusu haki katika jambo lile. Ardhi ilikuwa ya reli, sibishi. Karatasi ya balozi ilithibitisha kwamba mama alimlipa jirani, haikuthibitisha kwamba jirani alikuwa na cha kuuza, na hilo ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza kuhusu viwanja vya bei nafuu karibu na njia yoyote, iwe ya treni, ya umeme au ya bomba. Nenda kaulize ramani ya mipango miji kabla ya kutoa hata shilingi. Tafuta jiwe la mpaka kwenye majani, na ukilipata usilifulie nguo. Lakini pia kwenye vyumba vile vile mtu alikuja kufunga mita ya umeme, mwingine akapita kila mwaka kudai kodi ya jengo na kutoa risiti. Wote walikanyaga jiwe lile wakiingia. Miaka 28 hakuna aliyesema isipokuwa mnyapara wa gangi, na yeye hakuwa na mhuri.

Ujenzi ulikuwa mrefu, vumbi lake lilikaa kwenye nguo za wateja wangu hata nikafungia cherehani ndani ya nailoni. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nilimpeleka mama Morogoro, nauli ya kawaida shilingi 13,000. Mama ni mtu wa Kilosa, alikuja Dar kwa treni mwaka 1974, na alikuwa anasimulia jinsi ilivyokuwa inasimama kila stesheni na mikungu ya ndizi ikipitishwa madirishani. Nilidhani atakaa ameganda dirishani kuitafuta nyumba yake. Alilala kabla ya Pugu. Reli mpya imeunganishwa moja kwa moja, haina ile kata-kata ya viungo aliyoizoea miaka 40, na nadhani ule ukimya ndio uliomlaza. Aliamka Morogoro, hata saa mbili hazijaisha, akauliza kama tumeshaondoka.

Upana wa reli mpya ni milimita 1,435. Rula ya mwalimu ingelala mle ndani na kubakiza sentimita 43 na nusu. Sijaipima, na mtoto wa leo hataipima, kwa sababu kuna uzio. Ni sawa kuwepo kwa uzio. Treni ya mwendo ule haiwezi kuchanganywa na watoto wanaoanika mihogo.

Ila shangazi bado yuko ng'ambo. Ana miaka 81, mama ana 76. Njia ya hatua 60 imefungwa, na kivuko cha chini kipo mbele, unakwenda nao uzio mpaka ukifikie, unapita chini, unarudi nao tena upande wa pili. Kwangu mimi ni matembezi. Kwa mwenye miguu iliyovimba ni safari. Mvua ikinyesha maji yanatuama mle chini hadi kifundoni, na saa moja jioni ni giza, akina mama wa bondeni wanapita kwa mwanga wa simu, beseni kichwani, wakiitana ili kila mmoja ajue mwenzake yupo. Treni yenye taa inapita juu yao.

Wale wazee wawili wamebuni njia yao. Shangazi akiamka salama anaanika kanga nyekundu kwenye kamba ya uani. Mama anatoka na chai yake, anaitafuta kwa macho kupitia nyavu, akiiona anaingia ndani. Siku moja ilinyesha na kanga haikuanikwa, mama akanituma nikakimbia njia nzima. Shangazi alikuwa mzima, ameketi, anasema, "Mwanangu, nani anaanika nguo kwenye mvua?"

Nimeandika barua serikali ya mtaa. Naomba vitu viwili, taa na mtaro wa kutolea maji kwenye kivuko. Majirani 43 wa pande zote mbili wametia saini. Nilikuwa nimeandika kwamba kivuko kiko "mbali", mama akaniambia nifute neno hilo, niandike hesabu, kwa sababu mbali ya kijana si mbali ya mzee. Nikazihesabu kutoka mlango wetu wa uani hadi mlango wa shangazi, mara tatu, na mtoto wa kaka naye akazihesabu peke yake ili zisije zikabishiwa. Kwenda ni hatua 1,140. Barua naipeleka Jumatatu.